Ukristo Unaweza Kuachia Mengi, Lakini si Ufufuo

Wakati wa Pasaka ya mwaka 2024, Richard Dawkins, mwanabiolojia wa Uingereza aliyeutetea ukana-Mungu kwa miongo kadhaa, aliiambia redio moja ya London kwamba yeye ni Mkristo wa kitamaduni. Haamini hata neno moja la imani hiyo, alisema, ila anazipenda nyimbo za kanisa na za Krismasi, na anajisikia yuko kwao ndani ya mwenendo wa Kikristo. Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 2023, Ayaan Hirsi Ali, aliyekuwa mwenzake katika kuikosoa dini, alitangaza kwamba amekuwa Mkristo. Sababu alizozipa uzito zilihusu kuulinda ustaarabu wa Magharibi na utupu wa maisha yasiyo na faraja ya kiroho; Yesu mwenyewe alitajwa kwa nadra. Dawkins alimjibu kwa barua ya wazi: wewe si Mkristo zaidi yangu mimi. Tangu hapo watu wengine mashuhuri, akiwamo Elon Musk, wamejiita Wakristo kwa maana hiyo hiyo ya utamaduni, na makanisani watu wamegawanyika. Wapo wanaoshangilia kwamba dunia inarudi kundini. Wapo wanaoudhika kwamba imani imegeuzwa pambo.

Naona pande zote mbili zimelikosea swali. Wanaoshangilia wanapima Ukristo kwa faida zake: unajenga jamii, unatia nidhamu, unatunza urithi. Wanaoudhika nao wanapima kwa orodha: unaamini mbingu, jehanamu, malaika, roho isiyokufa? Ukikosa kimoja, toka nje. Msimamo wangu ni kwamba Ukristo unaweza kuishi bila mengi kati ya yale ambayo watu wa kawaida huyaita maisha ya baadaye. Unaweza kuishi bila roho isiyokufa kwa asili yake, bila ramani ya mbinguni, bila moto wa jehanamu unaochorwa kama tanuri. Hauwezi kuishi bila ufufuo, yaani bila tendo la kweli la Mungu kwa mtu aliyekufa kweli. Nasema hivyo bila kusukumwa na hofu ya kifo wala na hamu ya malipo. Ninachokitazama ni haki ya waliouawa, jambo ambalo mjadala huu karibu wote umelisahau.

Tuanze na ushahidi unaowasumbua watetezi wa mapokeo, kwa maana ni mzito na hautajwi mimbarani. Sehemu kubwa ya Agano la Kale haina habari ya mbingu ya waadilifu wala ya adhabu baada ya kifo. Ibrahimu aliahidiwa nchi na uzao, hakuahidiwa pepo. Wafu wote, wema kwa wabaya, hushuka kuzimu, mahali pa kimya na giza. Kitabu cha Mhubiri kinasema waziwazi kwamba wafu hawajui neno lolote, na mtunga Zaburi anamsihi Mungu amwokoe kwa hoja kwamba wafu hawamsifu Bwana. Kwa karne nyingi watu walimpenda Mungu huyo, wakamwogopa, wakamlilia, wakafunga kwa ajili yake na kuzitii amri zake bila kutarajia lolote ng'ambo ya kaburi. Hata katika siku za Yesu, Masadukayo, kundi lililoshika ukuhani wa hekalu, walikana ufufuo na wakabaki Wayahudi wenye heshima zao. Kwa hiyo anayesema kwamba imani yoyote kwa Mungu wa Biblia haina maana bila maisha ya baadaye anamfuta Musa, Amosi na Yeremia kwa mkupuo mmoja.

Cha kuangalia ni namna tumaini la ufufuo lilivyoingia. Kauli yake iliyo wazi kuliko zote katika maandiko ya Kiebrania imo katika Danieli sura ya 12, ambayo wataalamu wengi huiweka karibu na mwaka 165 kabla ya Kristo, wakati wa mateso ya mfalme Antioko wa Nne. Watu walikuwa wanauawa kwa sababu moja tu, nayo ni kuishika sheria ya Mungu. Mafundisho ya zamani yalikuwa yamewaambia kwamba mtii hubarikiwa duniani na mwasi huangamia. Sasa mtii ndiye aliyekuwa anachinjwa kwa ajili ya utii wake. Kitabu cha pili cha Wamakabayo kinasimulia ndugu saba wakiteswa mmoja baada ya mwingine mbele ya mama yao, nao wanamwambia mfalme kwamba Muumba atawarudishia uhai. Tumaini hilo halikuzaliwa na watu walioshiba wakitamani kuendelea kushiba milele. Lilizaliwa pale ambapo, kama Mungu hana la kufanya kwa waliouawa, basi neno lake halina uaminifu. Asili hii haithibitishi kwamba ufufuo ni kweli, lakini inaonyesha ufufuo ni jibu la swali gani.

Ukristo ulianzia ndani ya swali hilo hilo. Mtu asiye na hatia alikamatwa usiku, akahukumiwa kwa haraka na kutundikwa na dola. Wafuasi wake wakasema Mungu amemfufua. Miaka ishirini na ushei baadaye, Paulo anaandikia kanisa la Korintho akibishana na waamini waliosema kwamba hakuna ufufuo wa wafu. Ubishi wetu basi si uzushi wa zama za sayansi. Una umri karibu sawa na Kanisa. Paulo hakuwatenga watu hao. Anaendelea kuwaita ndugu. Ila hoja yake haipindi kona: kama Kristo hakufufuka, kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure. Wala hasemi kwamba roho zao haziwezi kufa. Wazo hilo lilistawi zaidi kwa Wagiriki, na mwanateolojia Oscar Cullmann alilionyesha vizuri katika mhadhara wake wa Harvard mwaka 1955 alipoviweka vifo viwili sambamba. Sokrate anakunywa sumu kwa utulivu, kwa kuwa kwake kifo ni rafiki anayeifungua roho kutoka mwilini. Yesu Gethsemane anahuzunika kiasi cha kufa na kuomba kikombe kimwondokee, kwa kuwa kwake kifo ni adui. Kanisa Katoliki lilitangaza rasmi kutokufa kwa roho mwaka 1513, katika Mtaguso wa Tano wa Laterano. Martin Luther, mwanzilishi wa mageuzi ya Kiprotestanti, kwa upande wake aliandika mara nyingi juu ya wafu kama watu waliolala. Na Waadventista wa Sabato wanafundisha mpaka leo kwamba wafu hawana fahamu hadi siku ya ufufuo. Wote hawa ni Wakristo, na juu ya hali ya mtu kati ya kifo na siku ya mwisho hawajapatana. Wanapokutana ni kwenye maneno ya kanuni ya imani: kuutazamia ufufuo wa wafu.

Sasa tuwasikilize wanaotaka hata hilo liondoke. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, mwanateolojia Mjerumani Rudolf Bultmann alidai kwamba haiwezekani kutumia umeme na redio, kutibiwa kwa dawa za kisasa, na wakati huo huo kuamini ulimwengu wa Agano Jipya wenye pepo na miujiza. Alikusudia mema: alitaka ujumbe wa msalaba umfikie mtu wa leo bila kukwama kwenye picha ya dunia yenye ghorofa tatu, mbingu juu, nchi katikati na kuzimu chini. Lakini hoja yake ya umeme ndiyo dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, na inasikitisha kwamba ndiyo inayorudiwa zaidi. Watu wa karne ya kwanza walijua vizuri kama sisi kwamba maiti haziamki; walizika watu wengi kuliko sisi, tena kwa mikono yao wenyewe. Paulo alipotaja ufufuo Athene, Matendo ya Mitume inasema baadhi walimdhihaki, na mji huo haukuwa na redio. Tomaso naye hakukataa kwa sababu ya fizikia. Na mabilioni ya watu leo huwasha taa, huchukua simu mkononi na kusali bila kuona mgongano wowote. Umeme haujaleta ushahidi wowote mpya juu ya kaburi la Yesu.

Hoja ya mwanafalsafa wa Uskoti David Hume, ya mwaka 1748, inastahili heshima zaidi. Yeye hakutegemea vifaa vya kisasa. Alisema ushahidi wa mdomo hautoshi kuthibitisha mwujiza, isipokuwa kama uongo wa ushahidi huo ungekuwa mwujiza mkubwa zaidi. Sioni namna ya kumshinda Hume kwa kukusanya mashahidi tu, na wahubiri wanaodai kwamba historia imekwisha kuthibitisha ufufuo kama inavyothibitishwa tarehe ya vita fulani wanaahidi wasichoweza kulipa. Hata hivyo Hume anapima tukio kana kwamba hakuna Mungu mwenye sababu ya kulitenda. Ukiwa tayari unaamini kwamba yuko Muumba aliyejifunga kwa ahadi kwa watu wake, mizani hubadilika: swali linakuwa kama ni jambo linalomstahili Mungu wa namna hiyo. Anayekataa kuwako kwa Mungu huyo ana haki ya kukataa ufufuo pia, na hapo Dawkins yuko sawa na nafsi yake. Anayenitatiza ni yule anayesema Mungu yupo, aliumba vyote, anapenda, ila hawezi kamwe kumfanyia lolote aliyekufa. Imani ya namna hiyo imebakiza muujiza mkubwa kuliko yote na kuutupa mdogo.

Hoja iliyo kali kweli ni ya kimaadili. Ahadi ya mbinguni, wanasema, imetumika kuwatuliza wanaoonewa: vumilieni, thawabu yenu iko juu. Hilo ni kweli, na kulikana ni kukana historia. Lakini tuangalie nani hasa aliyeyakata maandiko, na alikata nini. Mwaka 1807 ilichapwa London Biblia iliyopunguzwa kwa ajili ya kuwafundishia watumwa wa makoloni ya Uingereza katika visiwa vya Karibi. Waliondoa karibu habari yote ya Waisraeli kutoka Misri, wakaondoa pia kitabu kizima cha Ufunuo, chenye hukumu ya wafanyabiashara wa roho za watu na mbingu mpya na nchi mpya. Miaka kumi na ushei baadaye, karibu na 1820, Thomas Jefferson, rais wa zamani wa Marekani, alikata Injili kwa kisu akabandika vipande alivyovipenda: mafundisho ya Yesu yakabaki, miujiza ikaachwa, na simulizi likaishia pale jiwe linapovingirishwa mlangoni pa kaburi. Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Sisemi kwamba alikata ufufuo ili alinde mashamba yake. Alikuwa na sababu zake za kifalsafa, na mwenendo wa mtu hautoshi kupima hoja yake. Nasema tu kwamba maadili yasiyo na hukumu hayakumzuia kwa lolote, na kwamba wachapishaji wa 1807 walijua ni sehemu gani ya Biblia ya kuogopwa mikononi mwa mtumwa. Mbingu iliyo badala ya haki ni dawa ya usingizi. Ufufuo unaoambatana na hukumu ni habari mbaya kwa bwana wa watumwa.

Upande wa mapokeo nao una hoja yake mbovu, na kwa kuwa ndio upande wangu sitaipunguzia ukali. Husemwa kwamba mtu asipoogopa jehanamu wala kutumaini mbingu hana sababu ya kutenda mema. Kwanza, hoja hii inamtukana mtunga Zaburi aliyelilia yatima na mjane bila ahadi ya pepo. Pili, inaushusha wema ukawa mshahara. Tatu, inapingwa na Biblia yenyewe kwa watu wake wakubwa. Baada ya ndama wa dhahabu, Musa alimwambia Mungu awasamehe watu, la sivyo amfute yeye katika kitabu chake. Paulo, mtu yule yule aliyesema imani ni bure bila ufufuo, anawaandikia Warumi kwamba angeombea yeye mwenyewe atengwe na Kristo kwa ajili ya ndugu zake. Wawili hawa walikuwa tayari kupoteza kila kitu chao cha baadaye kwa ajili ya wengine. Mtu wa namna hiyo hafuati thawabu. Kwa hiyo Paulo anapoung'ang'ania ufufuo, hatuwezi kumsoma kana kwamba anatetea posho yake ya mbinguni.

Anatetea nini basi? Yesu alipobishana na Masadukayo hakutaja roho hata kidogo. Alitaja uhusiano: Mungu hujiita Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, naye si Mungu wa wafu bali wa walio hai. Maana yake, Mungu akishajifunga kwa mtu, kifo cha mtu huyo hakimfungui. Toa hilo, ubaki na Yesu mwalimu wa maadili, na utaona pengo liko wapi. Maadili husema na walio hai: badilikeni, tendeni haki, asitundikwe mwingine tena. Ni maneno mema. Lakini kwa yule aliyekwisha kutundikwa hayana chochote. Ushahidi wenye nguvu zaidi hapa umetoka kwa mtu asiye Mkristo. Machi 1937 Max Horkheimer, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyekuwa uhamishoni, alimwandikia mwenzake Walter Benjamin kwamba dhuluma iliyopita imepita na imekamilika. Waliouawa wameuawa kweli. Akaongeza kwamba ukitaka kusema kwa dhati kuwa yaliyopita hayajafungwa, itakubidi uamini Hukumu ya Mwisho. Yeye hakuweza kuiamini. Lakini aliona kwa uwazi kuliko maaskofu wengi gharama ya kuiacha: muuaji anabaki na neno la mwisho, na kila jamii njema ijayo itasimama juu ya wafu ambao hakuna atakayewarudia. Mkristo anayefuta ufufuo akidhani amepoteza hekaya tu amewapoteza watu hao.

Najua jibu la upole linalotolewa hapa. Injili ya Yohana, wanasema, inauleta uzima wa milele sasa hivi: uzima wa milele ndio huu, wakujue wewe, Mungu wa pekee wa kweli. Mwanateolojia Don Cupitt wa Cambridge na wengine waliojaribu Ukristo usio na mambo yapitayo maumbile wameliegemea sana wazo la namna hiyo, kwamba umilele ni kina cha maisha ya leo na wala si urefu wake. Kuna ukweli mwingi hapo, na ni dawa nzuri kwa wale wanaoahirisha maisha yote mpaka mbinguni. Lakini Injili hiyo hiyo inasema saa inakuja ambayo wote waliomo makaburini watasikia sauti yake. Na hata bila aya hiyo, fikiria nani anaweza kuishi umilele wa sasa: mtu mwenye muda, afya na utulivu wa kuuonja. Mtoto aliyekufa kwa njaa kabla ya kujua kusoma hakupata kina chochote cha maisha ya leo. Tafsiri inayowafaa tu waliopata nafasi ya kuishi haiwezi kuitwa habari njema kwa maskini.

Linabaki swali la mtu mmoja mmoja, na hapa nataka kanisa liwe na moyo mpana. Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya BBC mwaka 2017 ulionyesha kwamba robo ya watu waliojiita Wakristo nchini Uingereza hawakuamini ufufuo wa Yesu. Wengi walisoma takwimu hiyo kama tangazo la msiba. Lakini Mathayo, akisimulia wanafunzi kumi na mmoja wakiwa mbele ya Bwana aliyefufuka, anaandika kwamba baadhi yao waliona shaka, na watu hao hao ndio waliotumwa kwa mataifa yote. Baba wa kijana mgonjwa katika Marko aliomba asaidiwe kutokuamini kwake, na mwanawe akaponywa. Ufufuo ni ungamo la Kanisa zima. Haukuwekwa uwe mtihani wa mlangoni. Zipo siku ambazo mtu huungama kwa nguvu za wengine, na nimewajua waumini waaminifu waliokaa miaka mingi katika hali hiyo bila kuacha kuwatembelea wagonjwa.

Kiongozi wa ibada yuko mahali pengine. Gretta Vosper, mchungaji wa United Church of Canada huko Toronto, alijitangaza kuwa hamwamini Mungu. Mwaka 2016 kamati ya kanisa ilimwona hafai kuendelea na huduma, lakini Novemba 2018 pande mbili zilipatana na akabaki kazini. Nauheshimu ukweli wake, na ninaelewa uchungu wa ushirika uliompenda. Bado nadhani kanisa lilikosea, kwa sababu lililobadilika pale si dhamiri ya mtu mmoja. Ni sala, nyimbo na maneno ya kuzikia. Mwenye shaka anahitaji kusimama kati ya watu wanaolisema tumaini kwa sauti. Wakinyamaza wote kwa heshima yake, watoto wake hawatakuwa na shaka wala imani, maana hakuna atakayewaambia ni jambo gani la kuliamini au kulitilia shaka.

Kwa Wakristo wa kitamaduni, basi, hakuna haja ya kuwafukuza wala kuwapigia vigelegele. Waimbe nyimbo, wasome Injili, wakae viti vya mbele wakitaka. Kosa litakuwa la wachungaji wakianza kuhubiri kwa ajili yao tu, kusifu ustaarabu na urithi, wakanyamazia kaburi tupu ili kusiwe na aibu. Na kwa wachungaji wa upande wangu mabadiliko yanayotakiwa ni makubwa vile vile. Mazishini tumezoea kueleza mambo ambayo kanuni ya imani haikuyasema: marehemu yuko wapi saa hii, anatuona vipi, amevaa nini, anaimba na nani. Tumefanya hivyo tukiwa na nia ya kufariji, na wafiwa wenye akili wametusikia tukibuni. Afadhali tuseme machache na kuyasimamia: kwamba kifo ni adui, kwamba mtu huyu amekufa kweli, kwamba Mungu aliyemfufua Yesu hajamwachilia. Na pale marehemu alipokufa kwa mkono wa mtu, kwa uzembe wa mwenye mamlaka au kwa njaa iliyoweza kuzuilika, mahubiri yamtaje aliyehusika kama mtu ambaye bado ana kesi ya kujibu, hapa duniani kwanza kama mahakama zipo, na mbele za Mungu hata kama mahakama zote zimefunga faili.